Kwa mnaoanza kusoma Ubuddha: msiwapite miungu walinzi

Vitabu vya mwanzo vitawaambia kwamba Buddha hakufundisha watu kumtegemea mungu yeyote. Ni kweli. Kisha mtafika Kandy, Sri Lanka, na jirani na Hekalu la Jino la Buddha mtakuta nyumba za miungu Natha, Vishnu, Kataragama na Pattini, watu wakiingia na sinia za matunda. Siku yangu ya kwanza pale niliandika daftarini: "Mabaki ya Uhindu." Maneno hayo yalinipotezea miezi, maana nilipokwisha kuwapa miungu hao jina sikuona haja ya kuwatazama tena.

Nilikuwa nauliza wametoka wapi. Swali lililonifaa ni wana kazi gani. Mahavamsa, kitabu cha Kipali (lugha ya zamani ya maandiko ya Kibuddha) kinachosimulia habari za wafalme wa kisiwa hicho, kinasema Buddha alipokuwa akikaribia kufa alimwagiza Sakka, mkuu wa miungu, ailinde Lanka. Sakka akamkabidhi kazi hiyo mungu mwenye rangi ya yungiyungi, ambaye baadaye watu walimtambua kuwa ni Vishnu. Basi mlinzi huyu ana cheo cha kupewa. Naye atakufa na kuzaliwa tena kama sisi, na anahitaji thawabu.

Hapo kwenye thawabu naomba mtulie. Ibada mbele ya sanamu ya Buddha inapokaribia kwisha, tegeni sikio: waumini husoma beti za kuwaalika miungu wa angani na wa ardhini waifurahie thawabu iliyopatikana, kisha wayalinde mafundisho siku nyingi. Mwanadamu ndiye mwenye nafasi ya kuwapa watawa sadaka. Mungu hungoja agawiwe. Anayepiga magoti na anayepigiwa magoti wanahitajiana. Mimi sikuliona hilo mpaka nilipoacha kutazama sanamu nikaanza kusikiliza maneno.

Mtoto akiugua, kesi ikikwama, mtihani ukikaribia, mtu humwendea mungu na kuweka nadhiri. Buddha hapelekewi shida hizo, kwa kuwa amekwisha kuingia nirvana, yaani ameachana na mzunguko wa kufa na kuzaliwa tena. Anayempokea mwenye shida ni kapurala, mhudumu wa nyumba ya mungu, ambaye si mtawa, msimchanganye. Mtawa hamsujudii mungu. Na neno deviyo, ambalo Wasinhala huwaitia miungu hawa, msilitafsiri haraka. "Mizimu" halifai, maana kwetu ni roho za waliokufa, na "Mungu" kwa herufi kubwa ndilo halifai kabisa.

Mkipata nafasi, nendeni Kandy kwenye maandamano ya Esala, Julai au Agosti. Zamani yalikuwa ya miungu. Mwaka 1753 watawa kutoka Siam (Thailand ya leo) walifika kurudisha upadrisho wa watawa uliokuwa umekatika kisiwani, na inasimuliwa kwamba walishangaa kuona sherehe kubwa kiasi hicho isiyomhusu Buddha. Mfalme Kirti Sri Rajasinha akaamuru Jino litangulie. Hakuna mungu aliyeondolewa. Chagueni mahali pamoja kando ya barabara, msihame, mwandike kila kundi linavyopita: kasha la Jino juu ya tembo, halafu Natha, Vishnu, Kataragama, na Pattini nyuma yao.