Maswali ya Wasomaji: Kilele kipi kiingie kwenye orodha ya Cherangani?

SWALI: Mhariri, hatujambo. Sisi ni kikundi cha wapanda milima hapa Kisumu. Tunaandaa orodha ya vilele vya Cherangani ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipanda. Majina tumekusanya, lakini kila tukikutana ni mabishano: hiki ni kilele, au ni nundu tu ya mlima wa jirani? Isitoshe, pengine tunasoma kwamba kilele kirefu kuliko vyote ni Nakugen, mita 3,530, na pengine Kameleogon inapewa mita 3,581. Tushike lipi?
*Katibu wa kikundi, Kisumu*

JIBU: Katibu, mabishano hayo hayatamalizwa na majina zaidi. Wekeni kanuni kabla ya kuandika jina hata moja, tena kanuni yenye tarakimu. Hugh Munro alipochapisha orodha ya milima ya Scotland inayozidi futi 3,000 mwaka 1891, hakusema kwa tarakimu mlima uwe umejitenga na mwenzake kwa kiasi gani. Orodha hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, na leo ina milima 282. Shirikisho la kimataifa la wapanda milima, UIAA, lilipoorodhesha vilele vya Alps vinavyozidi mita 4,000 mwaka 1994, liliweka mpaka wa mita 30 na kupata vilele 82.

Kinachopimwa hapo tukiite mchomozo. Toka kileleni ukielekea kilele chochote kilicho juu zaidi, kwa njia inayokushusha kidogo iwezekanavyo. Mahali pa chini kabisa kwenye njia hiyo ndipo shingo. Kimo cha kilele ukitoa kimo cha shingo, unapata mchomozo. Kama shingo haionekani vizuri kwenye ramani, chukulieni kwamba Ziwa Victoria linafurika mpaka Cherangani: ukanda wa mwisho wa nchi kavu, kabla kilele chenu hakijawa kisiwa, ndio shingo. Mara nyingi hapo vichwa vya mito miwili huelekeana. Kwenye mgongo mkuu wa Cherangani mto mmoja utakuwa unaenda Nzoia na mwingine Kerio au Turkwel, kwa hiyo fuateni mistari ya mito kwanza, kontua (mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja) baadaye.

Ushauri wetu kwa Cherangani: kimo kisichopungua mita 3,000 na mchomozo usiopungua mita 100. Mtauliza mbona tusifuate mita 30 za Alps. Ni kwa sababu ramani ya 1:50,000 ya Survey of Kenya yenye kontua za kila mita 20 haiwezi kuhimili kipimo hicho. Tuseme kontua ya mwisho inayozunguka kilele ni 3,360 na hakuna nukta ya kimo iliyoandikwa. Kilele kiko popote kati ya 3,360 na 3,380. Kontua ya mwisho inayozunguka vilele vyote viwili pamoja ni 3,260, na ya kwanza kuvitenganisha ni 3,280, basi shingo iko katikati ya hizo. Mchomozo mdogo kabisa ni 80, mkubwa kabisa 120. Wasiwasi wa mita 40 ukiuweka juu ya mpaka wa mita 30, nusu ya orodha inakuwa kubahatisha. Kwenye mpaka wa mita 100, vilele vya kwenda kupima vitakuwa vichache, na hivyo mviweke kwenye karatasi ya pembeni, visiingie wala visitupwe mpaka mtu afike. Karatasi za zamani zina futi. Zidisheni kwa 0.3048 na msikadirie kichwani.

Kumbukeni kwamba nusu ya kosa iko chini, kwenye shingo. Watu hupanda, hupiga picha juu kabisa, husoma kimo, na shingo hawaikaribii. Kipimo kisicho na shingo hakiingii kwenye orodha hii.

Sasa Nakugen na Kameleogon. Tarakimu zote mbili zimenakiliwa sana, na kuchagua iliyo kubwa si kupima. Tofauti ya mita 51 haihitaji mtambo wa bei. Simameni juu ya kimoja mkitazama kingine kwa leveli ya mkono, au kwa mpira mwangavu wa maji ule wa fundi wa ujenzi: shikeni ncha zake mbili zikiwa zimeachana kwa mita moja, pangeni macho yafuate maji ya ncha zote mbili, mwone kama kilele cha mbali kiko juu au chini ya mstari huo. Kosa la milimita moja kwenye maji ni mita 5 kwa umbali wa kilomita 5. Mviringo wa dunia nao, ukishapunguzwa na kupinda kwa mwanga hewani, hukishusha kilele cha mbali: karibu mita 1.7 kwa kilomita 5, mita 6.7 kwa kilomita 10. Kisha rudieni kutoka kilele cha pili. Majibu yasipolingana, mpira una kiputo cha hewa.

Altimeta ya saa au simu inayotumia mkandamizo wa hewa ni nzuri, lakini huku kwetu karibu na ikweta ina hila yake. Mkandamizo hupanda mpaka saa nne hivi asubuhi, hushuka mpaka saa kumi jioni, kila siku, hata mbingu zikiwa safi. Tofauti ni kama hektopaskali 3, na kwenye mita 3,000 hiyo ni zaidi ya mita 30. Aliyerekebisha altimeta saa nne na kufika kileleni saa tisa ataongezewa mita ambazo mlima hauna. Dawa: someni shingoni, kileleni, na shingoni tena mnaporudi, mkiandika saa kila mara. Wastani wa shingo mbili ndio mnaoutoa kwenye kilele.

Neno lenu "kuvipanda" nalo lipewe daraja. Tatu zinatosha: T kwa miguu tu, M panapohitaji mikono, K panapohitaji kamba. Daraja ni la njia, si la mlima, kwa sababu mlima ule ule unaweza kuwa T upande mmoja na K upande wa genge. Andikeni pia idhini: msitu ni wa Kenya Forest Service, malisho yana wenyewe, na mlima kama Mtelo kule Sekerr, mita 3,336, Wapokot wanauheshimu kama mahali patakatifu. Mtelo uko nje ya Cherangani hata hivyo, msiuchomeke kwa tamaa ya kuongeza idadi. Kwa upande wa Bonde la Kerio, ulizeni chifu na polisi kuhusu usalama wiki ile ile ya safari. Habari ya mwezi uliopita haifai kitu.

Majina andikeni kama mzee wa pale anavyotamka, na tahajia nyingine pembeni. Nagen na Nakugen, Kalelaigelat na Karelachgelat, msipoangalia mtavihesabu mara mbili.

Nendeni Desemba hadi Februari. Kitale iko kwenye mita 1,900 hivi, kwa hiyo kwenye mita 3,400 tarajieni baridi iliyozidi ya Kitale kwa nyuzi 9 au 10. Ngurumo huja alasiri, basi muwe mmeshaondoka mgongoni kabla ya saa saba.

SWALI: Nilisoma gridi kwenye ramani ya zamani, nikaiingiza kwenye GPS ya simu, ikanipeleka ng'ambo ya korongo. Simu mbovu?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Simu ni nzima. Ramani hizo zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuweka namba za mahali, na simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukiingiza namba za Arc bila kubadilisha, unapelekwa karibu mita 300 kaskazini ya mahali penyewe na kidogo magharibi. Chagua "Arc 1960" kwenye mipangilio ya programu. Halafu angalia kanda ya gridi ya UTM, yaani kipande cha dunia ambacho namba zako zinahesabiwa ndani yake: Nakuru imevuka kidogo tu nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo iko kanda 37, kusini ya ikweta. Cherangani iko kanda 36, kaskazini. Wengi huacha mipangilio ya safari iliyopita.

SWALI: Je, kila nundu kwenye ukingo wa Longonot na Menengai ni kilele?
*Mwanafunzi, Naivasha*

JIBU: La. Shingo hutafutwa kwa kufuata ukingo, kina cha shimo hakihesabiwi. Kwa mpaka wa mita 100, nundu nyingi za ukingoni zinaanguka. Longonot, mita 2,776, inaingia kwa pointi yake ya juu, na Menengai, mita 2,278, vivyo hivyo.

SWALI: Elgon tuihesabu vipi, ilhali Wagagai iko Uganda?
*Mwalimu wa jiografia, Bungoma*

JIBU: Mwalimu, mchomozo haujui mpaka wa nchi. Pimeni Koitobos, mita 4,222, kwa shingo inayoielekeza kwenye vilele virefu zaidi vya ukingo ule ule, hata shingo hiyo ikiwa ng'ambo. Wagagai, mita 4,321, kilele kirefu kuliko vyote vya Elgon, inabaki mzazi wa vyote, yaani kilele kikuu ambacho vingine ni matawi yake, na kwenye orodha ya Kenya iandikwe kwa nyota, bila namba. Kwa Koitobos wanafunzi waingie lango la Chorlim. Barabara ya gari hupanda mpaka karibu mita 3,500 kule Koroborte, lakini mvua ikinyesha hata gari la magurudumu manne hukwama, kwa hiyo ongezeni siku moja kwenye ratiba.