Ukianza kusoma vita vya kuteremka ufukweni, anza na maji

Wengi wanaoingia katika somo hili hukimbilia mizinga: manowari zilikuwa ngapi, zilipiga makombora mangapi. Nimelifundisha muda wa kutosha kuona jinsi hilo linavyowachelewesha. Tafuta kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa la siku ile.

Chukua Betio, kisiwa cha Tarawa katika Pasifiki kilichoshikiliwa na Wajapani, 20 Novemba 1943. Makamanda wa Marekani walijua ni siku za maji mafu, maji yasipojaa sana, na walikuwa wameonywa kwamba huenda mwamba wa matumbawe unaozunguka kisiwa usifunikwe vya kutosha. Wakaenda. Mawimbi matatu ya kwanza ya askari yalibebwa na magari ya minyororo yanayoelea, yakaupanda mwamba. Waliofuata walikuja kwa mashua za kawaida, zikakwama, ikabidi askari watembee majini mamia ya mita huku wakimiminiwa risasi. Saa hizohizo, ndani ya manowari Maryland walimokuwa wakubwa, redio zilikuwa zikizimika kwa mtikisiko wa mizinga ya meli yenyewe. Hapo simama. Jiulize kila kamanda alijua nini, saa ngapi, na nani alimwambia; uandike yote. Kazi hiyo inachosha, lakini sijaona zoezi linalofundisha zaidi.

Kisha usiwaruke maafisa wa ngazi ya chini. Pale Omaha, ufukwe wa Normandy, Ufaransa, 6 Juni 1944, vifaru vya kuelea vya batalioni ya 741 ya Marekani vilishushwa mbali na pwani, bahari imechafuka; kati ya 29 vilivyoingia majini, 27 vilizama. Luteni Dean Rockwell wa jeshi la wanamaji, aliyebeba vifaru vya batalioni ya 743, aliitazama bahari ileile akaamua kuvifikisha mpaka mchangani. Huo ndio uongozi ninaotaka uujifunze. Baadaye asubuhi, makapteni wa distroya, meli za kivita nyepesi, nao walisogea karibu mno na ufukwe, meli zikiwa hatarini kupanda mchanga, ili wawasaidie kwa mizinga askari waliokwama.

Ukifika Tanga, Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani, utakuta Kapteni Caulfeild wa manowari ya Kiingereza Fox analaumiwa kwa kuwaarifu Wajerumani kabla ya mashambulizi. Lawama hiyo ina msingi. Ila hesabu pia muda uliopotea kutafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo, wakati Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akileta askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi. Chora mistari miwili ya saa, mmoja wa meli na mmoja wa reli, uiweke sambamba.