Wasomaji Wanauliza: Kompyuta ya Gemu Inachemka, Mfuko ni Mwepesi

Barua za mwezi huu kutoka Lubumbashi karibu zote zinalia joto. Si ajabu. Kiangazi kimekuwa kikijaza vumbi jekundu ndani ya makasha tangu Mei, na Oktoba ikifika, mchana unapita nyuzi 30 kabla mvua hazijashika. Nyuzi zote humu ni za Selsiasi.

Ba yaya wa gazeti, jambo yenu. Niko na kompyuta niliyonunua ikiwa imekwisha kutumika: prosesa ya Core i5-10400F na kipoza kilekile cha Intel kilichokuja nayo, kadi ya picha ya GTX 1660 Super, kasha lenye kioo mbele na feni tatu za taa za rangi. Gemu inaenda vizuri dakika chache halafu inaanza kukwamakwama, prosesa inaonyesha nyuzi 98. Fundi anataka ninunue kipoza kikubwa na kasha jipya. Niko na dola 30 tu. Nianze wapi? (Msomaji, Katuba)

Ndugu yetu, dola zako zikae mfukoni kwanza. Prosesa hiyo ina kikomo cha nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia mwendo isiungue, na huko kupunguza ndiko unakoona kama kukwama. Bado ni nzima. Kazi ni kujua joto linazuiwa wapi, na kujua hakuna gharama.

Weka HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto. Acha kompyuta itulie dakika 10, andika joto la prosesa na la kadi. Cheza dakika 30, andika tena, na uandike pia joto la chumba. Hilo la mwisho wengi hulisahau, wakati prosesa ya nyuzi 80 katika chumba cha 34 haina tofauti na ya 70 katika chumba cha 24: chumba kikipanda nyuzi moja, prosesa nayo hupanda karibu moja.

Halafu tazama namna joto linavyopanda. Likiruka hadi 95 ndani ya sekunde chache, ubaya uko pale kipoza kinapogusana na prosesa. Likipanda polepole kwa robo saa, kipoza kinafanya kazi yake ila kinavuta hewa ambayo tayari ni moto. Fungua ubavu wa kasha, cheza tena: joto likishuka nyuzi 8 au zaidi, kasha linakosa hewa.

Sasa vumbi. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe. Beba kasha nje, funika pua kwa kitambaa. Tumia brashi laini ya rangi, mpya na kavu, ya upana wa sentimita 3. Kwenye kipoza cha Intel vumbi baya halionekani kwa juu. Limelala chini ya feni, juu ya mapezi ya alumini, limeshikana kama blanketi. Shika panga za feni kwa kidole unapopuliza, maana feni inayozungushwa kwa nguvu ya upepo huharibu beringi zake. Wengine hupeleka kasha kwa fundi wa matairi lipulizwe kwa kompresa. Inawezekana, ila tangi la kompresa hukusanya maji: mwambie ayamwage kwanza, apunguze mgandamizo hadi baa 2 au 3, na mdomo wa bomba ukae mbali sentimita 30.

Ukiwa hapo, kagua miguu minne ya plastiki ya kipoza. Hicho ndicho kidonda cha vipoza vya Intel vya bure. Mguu mmoja usiponasa, kipoza kinainama upande na nyuzi 15 zinapotea hivihivi. Itazame kwa nyuma ya ubao mama: kila mguu uwe umetokeza na kupanuka sawasawa. Unapoirudisha, geuza vichwa vyote vifuate hali ya kufunga, bonyeza miwili inayotazamana kwa mshazari, halafu miwili iliyobaki, mpaka usikie mlio wa kunasa mara nne.

Ukishakitoa kipoza, pasta ya zamani, ule uji mzito wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza, lazima iondoke. Futa kwa karatasi laini na spiriti ya duka la dawa; ile ya asilimia 70 inafaa, mradi uache ikauke kabisa dakika kadhaa kwa sababu ya maji yaliyomo. Weka tone moja la pasta mpya katikati, la ukubwa wa punje ya njegere, na uache mgandamizo wa kipoza ulitawanye. Bomba la gramu 4 linatosha mara nyingi, kwa hiyo changeni na majirani. Kwa wenye prosesa za AMD Ryzen za soketi ya AM4 kuna onyo la pekee: usivute kipoza kikiwa baridi. Pasta iliyokauka hung'oa prosesa kutoka kwenye soketi na kupinda pini zake. Cheza gemu dakika 10 ipate joto, zima, zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia, ndipo unyanyue.

Kuhusu kioo cha mbele, tutasema wazi: kasha la namna hiyo limetengenezwa lipendeze dukani. Feni tatu zinazopumua ukutani hazipoozi kitu. Toa kioo ucheze bila hicho ulinganishe namba. Tofauti ikiwa kubwa, kirudishe kwa skrubu ndefu na vipande vya mpira vya kukisogeza mbele sentimita 2, ama kiache kabisa uvalishe uwazi soksi ndefu ya nailoni ya wanawake iliyovutwa vizuri. Inazuia vumbi laini kuliko chandarua. Ifue kila wiki mbili wakati wa kiangazi, kwa sababu soksi iliyojaa vumbi ni kioo kingine.

Hapo ndipo tunafungua mfuko. Pasta moja na feni moja au mbili za milimita 120 zisizo na taa, za mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. Mbili mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa. Hewa hutoka upande wenye fremu ya kushikilia mota; ukiipachika kinyume unaunda vita ya feni ndani ya kasha, na tumeiona kwa mafundi wa kulipwa. Zinazoingiza zishinde kidogo zinazotoa, ili hewa isukumwe nje kupitia nyufa badala ya vumbi kuvutwa ndani kupitia nyufa hizohizo.

Likibaki joto, ingia BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kompyuta inapowaka) ushushe kikomo cha nguvu cha prosesa hadi wati 65, cha muda mfupi na cha muda mrefu. Mbao mama nyingi huachia i5-10400F ipite wati 100 bila sababu, na kwenye gemu hutaona tofauti kubwa. Kipoza kikubwa? Baadaye, kama kutakuwa na haja.

Rafiki ananiambia dawa ya meno inafaa badala ya pasta. Mwingine anasema Vaseline. Ni kweli? (mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Dawa ya meno hupoza vizuri saa chache za kwanza, ndiyo maana uvumi hauishi. Kisha maji yake yanakauka, inabaki chokaa, na joto linapanda kuliko mwanzo. Vaseline huyeyuka na kutiririka kuelekea soketi. Pasta ya kweli bei yake ni ndogo kuliko prosesa.

Nimenunua sehemu zilezile nilizoziona kwenye video ya majaribio, kipoza kilekile, pasta ileile. Wao wanapata nyuzi 70, mimi 80. Chumba changu kina 27, wao walisema 22. Hizo nyuzi nyingine zimetoka wapi? (mtaa wa Golf)

Swali zuri. Nyuzi 5 ni za chumba. Zilizobaki zinaletwa na mahali tunapoishi: Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa asilimia 11 hivi kuliko ya pwani. Feni inazunguka kasi ileile lakini inabeba hewa pungufu, kwa hiyo ile tofauti ya joto kati ya prosesa na chumba hukua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kwao tofauti ilikuwa 48. Kwako inakuwa 53. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, walioko juu zaidi, waongeze kidogo. Kompyuta yako ni nzima. Ukinunua kipoza, chukua kinachozidi kidogo mahitaji yaliyoandikwa kwenye boksi, na mstari wa feni (kasi yake kwa kila joto) uupandishe katika BIOS: asilimia 30 kwenye nyuzi 40, 55 kwenye 60, 80 kwenye 75, na 100 kwenye 85.

Kadi ya picha ya RTX 3060 niliyonunua kwa mtu ina nyuzi 74 tu, lakini feni zake zinapiga kelele sana na HWiNFO inaonyesha sehemu yenye moto zaidi ina 104. Niogope? (Kampemba)

Usiogope, ila usiiache. Kati ya wastani wa chipu na sehemu yake yenye moto zaidi, tofauti ya nyuzi 10 hadi 15 ni ya kawaida. Wewe una 30. Pasta imesukumwa pembeni na kupanda na kushuka kwa joto miaka mingi, upande mmoja wa chipu umebaki mtupu.

Piga picha kadi kabla ya kuifungua. Legeza skrubu nne zinazozunguka chipu kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, kwa zamu. Ukimaliza moja kwanza, chipu hubanwa kona moja na inaweza kuvunjika ukingo. Usivute kwa haraka: nyaya za feni ni fupi. Kwenye kadi, tofauti na prosesa, tandaza pasta ifunike uso wote wa chipu, kwa kuwa haina kifuniko cha chuma cha kusambaza joto.

Vile vipande laini vya mpira juu ya chipu za memori virudishe palepale kama havijachanika. Ukilazimika kubadilisha, pima unene: 0.5, 1, 1.5 na 2 milimita haviwezi kubadilishana. Kikiwa kinene mno, kipoza kinabaki hewani juu ya chipu kuu, na kadi itachemka kuliko ulivyoinunua. Makosa mengi tunayoandikiwa ya aina hii yanatoka hapo.

Nina chumba cha gemu hapa Kamalondo, mita 3 kwa 4, mashine nne. Saa kumi jioni wateja wanalowa jasho na mashine zinapunguza mwendo. Split (kiyoyozi) ni bei kali. Feni za mezani mbili hazisaidii. (Mwenye chumba)

Feni za mezani zinakoroga joto, hazilitoi. Fanya hesabu. Mashine nne zikicheza kwa wati 300 ni 1,200. Ongeza skrini nne, kama wati 100 kwa jumla. Watu, tuseme wanane, kila mmoja anatoa karibu wati 100: 800. Jumla wati 2,100, sawa na kuwasha hita mbili za umeme ndani ya chumba kilichofungwa.

Ili chumba kisizidi nje kwa zaidi ya nyuzi 5, unahitaji kutoa karibu mita za ujazo 1,400 za hewa kila saa, yaani kubadili hewa yote kila dakika moja na robo hivi. Ukitoa nusu yake, tofauti inakuwa 10. Kwa hiyo tafuta feni ya ukutani ya kutoa hewa, na usome namba ya mita za ujazo kwa saa iliyoandikwa; ukubwa wa panga peke yake hausemi kitu. Iweke juu, karibu na dari, kwani hewa moto hupanda.

Kosa linalofuata ni tundu la kuingizia. Feni haiwezi kutoa hewa ambayo haikuingia. Upande wa pili, chini, kwenye kivuli, fungua tundu la sentimita 45 kwa 45 na uliwekee wavu. Lisielekee jenereta wala mbabula (jiko la makala, yaani makaa) ya jirani: majivu ya makala na moshi wa mafuta ya kukaangia hushika kwenye mapezi na brashi kavu haiyatoi tena.

Halafu punguza joto kabla halijazaliwa. Skrini za hezi 60 hazionyeshi fremu (picha) 140 kwa sekunde, basi weka kikomo cha fremu 60 katika kila gemu. Katika gemu nyepesi, mashine inayokula wati 300 inaweza kushuka chini ya 200. Kwa programu ya MSI Afterburner, punguza pia kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 80, kama kadi inaruhusu. Fanya hilo leo, kabla ya kutoboa ukuta; na bili ya umeme itapungua.

Umeme ukikatika ghafla katikati ya gemu, feni zinasimama mara moja. Prosesa haiungui? (Ruashi)

Haiungui, kwa sababu nayo imeacha kutoa joto papo hapo. Hatari ni umeme unaporudi ukiruka juu. Chomoa, subiri dakika 5 baada ya kurudi, ndipo uwashe. Umeme dhaifu nao ni jambo la joto: ukishuka hadi volti 170, pawa sapulai huvuta mkondo mwingi zaidi kupata wati zilezile, na yenyewe huchemka. Kama feni yake inatazama chini, kasha lisikae sakafuni penye saruji inayotoa vumbi. Linyanyue sentimita 30 kwa meza au matofali.

Laptop yangu inafika 95 nikiweka kitandani. Nimesikia kuna namna bila kuifungua. (Likasi)

Kwanza iondoe kitandani. Godoro linaziba matundu ya chini. Iweke juu ya kitu kigumu, nyuma ikiwa imenyanyuliwa sentimita 3. Kwenye Windows fungua mipangilio ya nguvu, katika usimamizi wa prosesa andika 99 badala ya 100 kwenye kiwango cha juu. Kwa prosesa nyingi za Intel hilo huzima mwendo wa ziada, na joto hushuka nyuzi 10 au zaidi. Gemu ikipungua kasi kuliko unavyovumilia, rudisha 100, uweke kikomo cha fremu 45.