Maandishi ya Linux yanakuchosha macho? Usikimbilie fonts.conf

Watu wengi wakihamia Linux kitu cha kwanza kulalamikia ni maandishi, mara yamefifia, mara yamekonda, mara yana rangirangi pembeni, na wakiuliza wanapewa jibu lilelile: kopi faili hili la `fonts.conf`, libandike kwenye `~/.config/fontconfig`, toka halafu uingie tena. Faili lenyewe ukilisoma unakuta ni la enzi za Infinality, vile viraka vya FreeType (maktaba inayochora herufi) ambavyo vilishaachwa zamani, nusu ya mistari haina kazi tena na nusu nyingine inaharibu kilichokuwa kizima. Mimi nikiombwa msaada wa hili jambo, mara nyingi naanza kwa kufuta kwanza kabla ya kuongeza chochote.

Ushauri wangu ni huu: usiguse setingi yoyote mpaka ujue ubovu unatokea wapi. Maana "fonti mbaya" inaweza kuwa ni fonti yenyewe siyo ile unayodhani, au ni programu inayovutwa iwe kubwa, au ni uchoraji wa herufi, au hata ni monita tu na Linux inasingiziwa.

Kipimo changu ni rahisi sana. Piga skrinshoti ya sehemu yenye maandishi, ifungue, ikuze mpaka uone pikseli moja moja, halafu tafuta herufi iliyosimama wima kama "l". Ukiona mstari mmoja mweusi na pembeni pikseli moja ya kijivu, huo ni uchoraji wa kawaida. Ukiona upande mmoja una wekundu na mwingine una ubluu, hapo kuna subpikseli (vijisehemu vya rangi ndani ya pikseli) zinatumika. Ukiona herufi imetapakaa, na aikoni zilizo jirani nazo zimetapakaa vilevile, basi tatizo ni ukuzaji, fonti haina kosa. Na kama skrinshoti ni safi kabisa lakini ukitazama kioo unaona ukungu, usihangaike na fontconfig (mfumo unaochagua fonti na kusema ichorwe vipi) hata dakika moja, nenda kwenye monita: angalia kama iko kwenye risolusheni yake halisi, angalia ile setingi yake ya ukali wa picha, na kama unatumia TV kwa HDMI angalia kama haibani taarifa za rangi, maana TV nyingi mpaka uiambie hiyo ni kompyuta ndo inaonyesha maandishi vizuri. Skrinshoti haioni yanayotokea baada ya picha kutoka kwenye kompyuta, ndo maana ina faida hapa.

Tuje kwenye fonti isiyo yenyewe, hii inawapata wengi bila kujua. Ukurasa unaomba Helvetica, dokumenti inaomba Calibri, wewe huna, fontconfig inakuchagulia nyingine kimyakimya. Uliza tu:

`fc-match Calibri`

Ikikujibu DejaVu Sans basi umeshajua kwa nini dokumenti ya watu imevurugika mistari, DejaVu ni pana kuliko Calibri. Weka Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria, na Liberation badala ya Arial na Times New Roman. Hizi zimetengenezwa makusudi ziwe na vipimo vilevile vya upana kwa hiyo mistari inakatika palepale. Helvetica ina balaa lake, kwenye mifumo mingine kuna fonti za zamani za X11 (mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha) zilizochorwa nukta kwa nukta kwa saizi maalumu, ukurasa ukiomba Helvetica unaletewa hiyo, yaani unaona herufi zimejaa ngazingazi kama kompyuta ya kale. Dawa yake ipo tayari, ingia `/usr/share/fontconfig/conf.avail` utafute faili linaloanza na `70-no-bitmaps`, uliunganishe kwa `ln -s` kwenye `/etc/fonts/conf.d`, basi.

Ukuzaji sasa. Hili limekuwa kubwa tangu watu waanze kutumia Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, na kuweka asilimia 125 au 150. Programu inayojua Wayland inachora herufi moja kwa moja kwa saizi inayotakiwa, ila ile ya zamani ya X11 inayopitia XWayland (daraja la kuiendesha ndani ya Wayland) inaweza kuchorwa kwa saizi ya kawaida halafu picha yake ndo inavutwa, hapo hakuna setingi ya fonti itakayokuokoa. Kujua programu ipi ni ipi andika `xlsclients` kwenye terminali, zinazotokea kwenye orodha ndo zinazopita XWayland. Firefox tangu toleo la 121 inatumia Wayland yenyewe, hizi zilizojengwa kwa Electron (teknolojia ya kivinjari, kama VS Code), kama bado zinapita XWayland, nyingi unaziwasha kwa kuongeza `--ozone-platform=wayland` na utaona tofauti papo hapo. Kwenye desktopu ya KDE kuna sehemu kwenye mipangilio ya skrini ya kuziachia programu za X11 zijikuze zenyewe, iwashe. Na kama uko kwenye desktopu ya GNOME na unachotaka ni maandishi makubwa kidogo tu, kwa nini ukuze kila kitu? Acha skrini kwenye asilimia 100 halafu:

`gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.15`

Hii naipenda kuliko ukuzaji wa nusunusu, hakuna kinachovutwa, fonti inachorwa tu kwa saizi kubwa zaidi.

Haya, tukishayatoa hayo njiani ndo tunafika kwenye uchoraji wenyewe. Fontconfig inachagua fonti na kusema ichorwe vipi, FreeType ndo inayochora. Setingi zenye maana kwa mtu wa kawaida ni mbili, `hintstyle` na `rgba`, nyingine ziache kama zilivyo.

`hintstyle` ni kiasi gani cha kuisukuma herufi ikae sawasawa kwenye pikseli. `hintfull` inafuata maelekezo yaliyoandikwa ndani ya fonti, `hintslight` inatumia akili ya FreeType yenyewe na inasukuma juu na chini tu, upana wa herufi hauguswi. Zamani watu waliapa kwa `hintfull`, na kuna sababu. Mpaka mwaka 2010 hataza za Apple zilifanya FreeType isije na kile kisomaji cha maelekezo kikiwa kimewashwa, kwa hiyo aliyefanikiwa kukiwasha alijiona mjanja. Lakini tangu FreeType 2.7 ya mwaka 2016 kisomaji kinachotumika kwa kawaida kinapuuza karibu misukumo yote ya kulala, kwa hiyo ule ushauri wa zamani hautoi tena matokeo yaleyale. Mimi naweka `hintslight` kila mahali, isipokuwa kwenye zile laptopu za 1366 kwa 768 ambako DejaVu au Liberation ikiwa na `hintfull` inasomeka kwa ukali zaidi, hizo fonti zimefanyiwa kazi kweli kwenye saizi ndogo.

`rgba` ndo ile ya rangirangi. Kila pikseli ina vijisehemu vitatu, chekundu, kijani na bluu, na FreeType inaweza kuvitumia kimojakimoja ili mstari uonekane mwembamba na makini zaidi. Kwenye monita ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080, yaani pikseli kama 92 kwa inchi, inasaidia. Kwenye laptopu ya inchi 14 yenye risolusheni hiyohiyo unafika kama 157 kwa inchi na hapo sioni faida. Skrini za OLED nyingi vijisehemu vyake havijapangwa kwa mstari wa nyekundu kijani bluu, ukiwasha unajitafutia rangi za bure pembeni mwa herufi. Monita uliyoisimamisha wima nayo inataka `vrgb` au `vbgr`, siyo `rgb`. Halafu GTK4, maktaba inayojengea programu nyingi za GNOME, haitumii kabisa subpikseli, kwa hiyo hata ukiwasha utaishi na desktopu ambayo programu hii ina rangi na ile ina kijivu, na mimi hilo linanikera kuliko ukungu wenyewe, nimezima kila mahali. Apple nao waliachana na mambo haya kwenye macOS Mojave mwaka 2018, hatuko peke yetu.

Setingi hizi badilisha kwanza kwenye mipangilio ya desktopu yako, Tweaks kwa GNOME, System Settings kwa KDE. Faili la mkono (hilo `fonts.conf`) ni kwa ajili ya programu zisizosikiliza desktopu, au kama unatumia kitu kama i3 au Sway, zinazopanga madirisha tu bila desktopu kamili. Na likiwepo liwe fupi:

```
<?xml version="1.0"?>
<!DOCTYPE fontconfig SYSTEM "urn:fontconfig:fonts.dtd">
<fontconfig>
  <match target="font">
    <edit name="hintstyle" mode="assign"><const>hintslight</const></edit>
    <edit name="rgba" mode="assign"><const>none</const></edit>
  </match>
</fontconfig>
```

Kisha hakikisha limesikika:

`fc-match -v sans-serif | grep -E 'hintstyle|rgba'`

`hintstyle` ikisema 1 hiyo ni slight, 3 ni full. `rgba` ikisema 1 ni rgb, 5 ni imezimwa. Ukiona namba tofauti na ulichoandika ujue kuna faili lingine kwenye `/etc/fonts/conf.d` linakupinga.

Kama bado unaona herufi zimekonda, kabla ya yote badilisha fonti au chukua uzito wa Medium badala ya Regular, kiukweli hapo ndo nimeona mabadiliko makubwa kuliko setingi zote hizi. Noto Sans au Inter saizi 11 badala ya 10 na macho yanapumua. Ukizipakua zitupie `~/.local/share/fonts` halafu `fc-cache -f`. Ukitaka zaidi, weka mstari huu kwenye `/etc/environment`:

`FREETYPE_PROPERTIES="cff:no-stem-darkening=0 autofitter:no-stem-darkening=0"`

Unanenepesha miguu ya herufi. Kwenye mandhari nyeupe ni tamu, ila mpenzi wa mandhari nyeusi pole, maandishi meupe yatavimba kupita kiasi, na mimi kwa sababu hiyo nimeiondoa.

Cha mwisho ni Flatpak, njia ya kusakinisha programu zikiwa zimetengwa na mfumo mzima. Unaweza kupanga kila kitu vizuri halafu programu moja ya Flatpak ikawa bado inafanya mambo yake, ni kwa sababu inaishi kwenye boksi lake na haioni faili lako. Ipe ruhusa ya kusoma tu:

`flatpak override --user --filesystem=xdg-config/fontconfig:ro`

Funga programu kabisa uifungue upya, siyo kuificha tu dirisha, maana nyingi zinasoma setingi za fonti pale zinapoanza. Ile ya `/etc/environment` ndo inataka utoke uingie tena.