Licence au license?
Kwa Kiingereza cha Uingereza, leseni yenyewe ni licence, kwa c, kwa sababu ni nomino. License yenye s ni kitenzi, yaani kumpa mtu leseni. Ndiyo maana utaandika driving licence lakini licensed driver. Practice na practise zinafuata kanuni hiyohiyo.

Zote mbili hutamkwa sawa, kwa hiyo sikio halisaidii. Ukiwa na shaka, weka advice au advise mahali pake: hizo hutamkwa tofauti, ya s husikika kama z. Ikikaa advice, andika c. Ikikaa advise, andika s.

Marekani ni license kwa s popote, na practice kwa c popote. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea: kompyuta ikiwa kwenye Kiingereza cha Marekani huipigia licence mstari mwekundu, nao wanaharibu neno lililokuwa sahihi. Badilisha kwanza lugha ya ukaguzi iwe ya Uingereza.

Angalizo: licensee, mwenye leseni, ni nomino lakini hubaki na s hata Uingereza.