Sukari ya Junior imetoka ukoo wa nani?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Moshi, Pasua. Mwanangu wa miaka 9 alizidiwa shuleni tukakimbia naye hospitali wakasema ana sukari ya kuchoma sindano kila siku. Sasa ukweni wananisema eti ugonjwa nimeuleta mimi, maana marehemu baba alikuwa na sukari ya uzeeni, wifi kanitamkia hivyo msibani tunamenya ndizi, watu wote wanasikia. Nina kabinti ka miaka 4, kakiomba maji usiku mimi silali tena. Na kenyewe kataupata? Kuna kipimo cha jeni?
Mama Junior

JIBU: Marahaba mama Junior, pole sana aisee.

Nianze na huyo wifi. Sukari ya babu na ya Junior ni magonjwa mawili, jina tu ndo moja. Ya babu ni aina ya pili, insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) ipo ila mwili hauitikii vizuri. Ya Junior ni aina ya kwanza, yaani kinga ya mwili badala ya kupigana na vijidudu inageuka inaziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kwa hiyo marehemu aachwe apumzike.

Jeni zinachangia kweli, sikatai. Kubwa kuliko zote ni kundi linaitwa HLA, liko kwenye kromosomu namba 6, kazi yake ni kuisaidia kinga ijue kipi cha kwetu kipi mgeni, na lenyewe tu linabeba karibu nusu ya hatari yote ya kurithi, halafu kuna nyingine zaidi ya 50 zinaongezea kidogo kidogo. Sasa ndani ya HLA aina zinazosumbua sana ni DR3 na DR4, na mtoto mwenye hatari kubwa zaidi ni yule aliyebeba zote mbili, moja kwa baba moja kwa mama. Umenielewa? Inawezekana kabisa nyingine ikawa imetoka ukoo huohuo wa wifi (usimwambie lakini, msiba utaanza upya).

Na wengi wenye jeni hizo hawaugui maisha yao yote. Hata pacha wa kufanana, jeni zilezile, mmoja akiugua si lazima mwenzake augue.

Kabinti sasa. Tafiti za Ulaya na Marekani zinasema ndugu wa mgonjwa wanaoupata ni kama 5 au 6 kwa 100. Kwetu Afrika picha inaweza kuwa tofauti, utafiti uliotoka 2025 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini ulikuta karibu theluthi mbili ya vijana walioambiwa wana aina ya kwanza hawana zile kingamwili za kawaida za ugonjwa huu, yaani alama kwenye damu kwamba kinga inashambulia kongosho. Kwa hiyo hizo hesabu za Ulaya na Marekani huenda zisitufae sana. Ndo maana kipimo cha jeni sikushauri, kitakupandisha presha bure.

Kuomba maji usiku mara moja si kitu. Shtuka akiwa na kiu isiyokatika, akianza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha, gauni linamlegea na anakula vizuri, au sisimizi wanajaa kwenye kopo lake la mkojo. Hapo chukua mashine ya Junior umpime, ikisoma 11.1 (mmol/L) au zaidi mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na kama anatapika au anahema kwa shida usisubiri hata kupima. Ila usimtoboe kila asubuhi jamani, vidole vyenyewe vidogo.