Kingamwili ya ATM haionyeshi kitu: ninunue nyingine?

Swali: Shikamoo daktari. Nafanya utafiti wa uzamili juu ya seli za saratani. Nimenunua kingamwili ya kutambua ATM, ile protini inayoongoza ukarabati wa DNA. Nikifanya westan bloti (kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, kisha kuzihamishia kwenye utando na kuzitafuta kwa kingamwili), pale kwenye kilodaltoni 350, uzito wa ATM, hapana kitu, ila kuna mstari mnene karibu na 100. Jeli yangu ni ya asilimia 10, na nahamisha protini kwa saa moja. Je, niagize kingamwili nyingine?

Jibu: Marahaba. Pesa yako iache kwanza.

ATM ina asidi amino 3,056. Kuipitisha kwenye jeli ya asilimia 10 ni sawa na kumpitisha ng'ombe mlango wa banda la kuku. Nyingi itakwama juu, karibu na vishimo vya sampuli, na hiyo kidogo inayoingia haitawahi kufika kwenye utando kwa saa moja. Tengeneza jeli ya asilimia 6. Hamisha usiku kucha kwenye tangi la bufa, volti 30, ndani ya chumba baridi. Methanoli ipunguze hadi asilimia 10, kwa sababu inaibana jeli na kuibandua SDS, ile sabuni inayozipa protini chaji ya kusafiri, kwenye protini. Ukimaliza, usiitupe jeli: itie rangi ya Coomassie, inayozipaka protini bluu. Ukiona bluu nzito imebaki sehemu ya juu, basi protini kubwa hazikuhama, na kingamwili umeilaumu bure. (Kwa jeli hiyo aktini, protini ndogo ambayo wengi huitumia kuhakikisha sampuli zina kiasi sawa, huenda ikawa imeshatokea chini; linganisha sampuli kwa vinkulini, iliyo kubwa zaidi.)

Mstari wa 100 unaweza kuwa kipande cha ATM iliyokatwakatwa, au protini nyingine kabisa. Vunja seli juu ya barafu, na vizuizi vya proteasi (vimeng'enya vinavyokata protini) uviweke dakika ileile ya kutumia, si vya jana. Kisha zima jeni la ATM kwa siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyonyamazisha jeni), au omba seli za mgonjwa wa ataksia-telanjiektasia, ugonjwa wa kurithi wa hitilafu ya jeni la ATM, ambazo hazitengenezi protini hiyo. Mstari usiopungua hapo si ATM, hata karatasi ya muuzaji iseme nini.

Tena, kama unangoja mstari wa 350 unenepe baada ya kupiga seli mionzi, utangoja sana. ATM huwa tayari imo ndani ya seli; kinachobadilika ni kutiwa fosfeti kwenye serini ya 1981 (asidi amino ya 1981 katika mnyororo wake), jambo ambalo watafiti Bakkenist na Kastan walilionyesha mwaka 2003. Ukitaka kuona hilo, hapo ndipo ununue kingamwili ya pili, ya fosfeti hiyo. Ongeza vizuizi vya fosfatasi (vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti), vuna seli kama nusu saa baada ya mionzi, na uzibe utando kwa albumini ya ng'ombe badala ya maziwa ya unga, maana kaseini ya maziwa nayo ina fosfeti tele.